UZI: Perfectum ya Kilatini, acheni kupitia Kiingereza, tumieni -li-, -me- na -ka-

#1 Mzee wa Misale

Wakuu salaam. Kuna vijana kadhaa wamekuwa wakiniuliza kuhusu perfectum ya Kilatini, yani umbo la kitenzi la tendo lililokamilika, wengine wako seminari, wengine wanasoma sheria, na wote wanalia na kitu kilekile. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, kinamwambia kijana kwamba amavi (perfectum ya amo, napenda) ina maana tatu za Kiingereza, naye anazichukua zile tatu anaanza kuzihamishia kwenye Kiswahili, mwisho anakaa hajui aandike nilipenda au nimependa, anakwama hapo hapo. Mi naona Kilatini hakina kosa hapa. Tunazunguka njia ndefu wakati lugha yetu wenyewe ina kila kitu kinachohitajika.

Nasema hivi, perfectum inakwambia jambo moja tu, tendo limefika mwisho wake. Basi. Haikwambii kama liliisha zamani likapita zake, au limeisha na matokeo yake yapo hapa mbele yetu, au liliisha likafuatiwa na lingine. Hayo matatu sisi tunayatenganisha kila siku bila hata kufikiria, tuna -li-, tuna -me-, tuna -ka-. Mrumi alikuwa anayaweka yote kwenye umbo moja na anakuachia we msomaji uamue kwa kuangalia sentensi nzima.

Mfano bora kuliko wote mi naouona ni jibu la Pilato kwenye Yohana 19:22, pale makuhani wanapomwambia abadilishe kile kibao cha msalabani. Anawajibu, Quod scripsi, scripsi. Neno ni lilelile mara mbili, halina hata herufi moja tofauti. Sasa jaribu kulisema kwa Kiswahili, linakuja lenyewe, niliyoandika nimeyaandika. Ya kwanza -li-, ya pili -me-. Ya kwanza inataja tendo lililofanyika, ya pili inasema limekamilika, liko hivyo na halibadiliki. Nani alikufundisha hiyo tofauti? Hakuna, umezaliwa nayo.

Alafu chukua yale maneno ya Kaisari baada ya kumpiga mfalme Pharnaces pale Zela mwaka 47 KK, veni, vidi, vici. Vitenzi vitatu vyote perfectum. Kiswahili chake ni nilikuja, nikaona, nikashinda, yani -li- mara moja alafu -ka- mbili. Ukisema nilikuja niliona nilishinda unamfanya Kaisari aongee kama anasoma orodha ya vitu dukani.

Na wale mnaosali Nakuungamia, Kilatini ni quia peccavi nimis, sisi tunasema kwani nimekosa mno. Hatusemi nilikosa. Kosa liko bado linanibana, ndo maana naungama.

Sasa maumbo. Miisho ni sita tu: -i, -isti, -it, -imus, -istis, -erunt. Amavi, amavisti, amavit, amavimus, amavistis, amaverunt. Na hapa kuna habari njema ambayo vitabu vinaizika katikati ya majedwali, hakuna kitenzi cha Kilatini chenye perfectum ya kutenda kinachokataa hii miisho, hata kimoja. Praesens, yani wakati uliopo, ina makundi yake manne na vurugu zake, chukua kitenzi cha kuwa, sum, es, est, sumus, estis, sunt, hiyo hata ukiitazama haina mpango, lakini ikifika perfectum inanyooka kabisa, fui, fuisti, fuit, fuimus, fuistis, fuerunt. Fero, nabeba, nayo inageuka tuli lakini miisho ni ileile, tuli, tulisti, tulit. Kwahiyo ukishika hiyo sita umemaliza nusu ya kazi kwa vitenzi vyote vya lugha.

Nusu nyingine ni shina, na shina linatoka kwenye kamusi, sehemu ya tatu: amo, amare, amavi, amatum. Toa ile -i ya mwisho unabaki na amav-, bandika miisho. Ndo maana mi nawaambia vijana wasikariri kitenzi kwa neno moja. Ukikariri scribo peke yake hujakariri kitu, kariri scribo, scribere, scripsi, scriptum, kwa sauti, zote nne kwa pumzi moja.

Karibuni maswali.

#2 kijana_wa_kigango

Mzee shikamoo. Nimeelewa hiyo ya miisho lakini mashina ndo yananiua. amo inakuwa amavi sawa, lakini rego inakuwa rexi, do inakuwa dedi, facio inakuwa feci, yani kila kitenzi kina tabia yake. Kuna kanuni au ni kukariri tu mpaka kiama

#3 Mzee wa Misale

Marahaba kijana. Kanuni zipo, ila siyo za kukupa jibu kabla hujaangalia kamusi, ni za kukufanya ukiliona shina usilishangae. Na kuna sehemu moja unaweza kuyaona karibu yote kwa mkupuo, nayo unaisali kila jioni kwenye Masifu, ni Magnificat, wimbo wa Bikira Maria. Hebu tuipitie taratibu.

Exsultavit, exaltavit, implevit. Hizi ni za v, kundi kubwa, vitenzi vingi vya -are na -ire viko hapa, amavi, laudavi, audivi, na vichache vya -ere kama delevi. Hii ndo njia ya kawaida na ukikutana na kitenzi kipya cha -are jaribu v kwanza, mara nyingi utapata.

Deposuit potentes, amewaangusha wakuu. Hiyo ni ya u, inatoka pono, posui. Wenzake ni monui, habui, docui, timui, yani wale wa -ere yenye e ndefu wengi wamekaa hapa. Kumbuka v na u kwa Mrumi zilikuwa herufi moja, kwahiyo haya makundi mawili ni ndugu.

Respexit, dispersit, dimisit. Hizi ni za s. Hapa ndo wengi wanapotea kwa sababu s ikigongana na konsonanti ya shina vinabadilishana sura. Reg- na s inakuwa rex-, dic- na s inakuwa dix-, duc- inakuwa dux-, scrib- na s inakuwa scrips- kwa sababu b mbele ya s inatamkwa p. Na d au t mbele ya s inamezwa kabisa, mitto inakuwa misi, claudo inakuwa clausi, rideo inakuwa risi. Ukiisema kwa mdomo badala ya kuitazama kwenye karatasi utaona haina uchawi, mdomo wenyewe ndo unaipeleka huko.

Fecit, suscepit. Hapa hakuna herufi iliyoongezwa, irabu ya ndani ndo imevutika. Facio inakuwa fēci, capio inakuwa cēpi na ikiunganishwa inakuwa suscēpi, ago inakuwa ēgi, venio inakuwa vēni, video inakuwa vīdi, lego inakuwa lēgi, vinco inakuwa vīci. Kaisari kwenye yale maneno matatu katumia kundi hili moja tu, ndo maana yanaimba vile.

Alafu mwishoni, sicut locutus est. Hiyo ni habari nyingine kabisa nitaileta baadae, usiiguse kwanza.

Kundi jingine ambalo halimo kwenye Magnificat ni la kurudia silabi ya mwanzo. Do inakuwa dedi, sto inakuwa steti, curro inakuwa cucurri, tango inakuwa tetigi, disco inakuwa didici, cado inakuwa cecidi, cano inakuwa cecini. Hilo utalipata kwenye maneno ya mageuzo ndani ya Misa, accepit panem, fregit, deditque discipulis suis. Accepit na fregit ni za irabu kuvutika, dedit ndo ya kurudia. Na sikiliza Kiswahili cha padre pale altareni, alitwaa mkate, akaumega, akawapa. -li-, -ka-, -ka-. Si nilisema?

#4 Msomi wa Pwani

Uzi mzuri sana mkuu, naomba niongezee kitu kwenye hili la umbo moja kubeba -li- na -me- maana watu wanadhani ni Kilatini kimekosa adabu. Kuna historia hapa. Lugha mama ya zamani kabla ya Kilatini ilikuwa na maumbo mawili tofauti, moja la tendo lililotokea tu likapita, jingine la tendo ambalo matokeo yake yapo. Kigiriki kiliendelea kuyatunza yote mawili mbalimbali. Kilatini kikayamwaga pamoja. Ndo maana mashina yenyewe hayafanani, yale ya kurudia silabi kama dedi na tetigi yanatoka upande wa lile umbo la matokeo, yale ya s kama dixi na duxi yanatoka upande wa lile la tendo lililopita. Kwahiyo kijana akiuliza kwanini vitenzi havifanani jibu ni kwamba ni koo mbili zimeoana na watoto wamechukua sura huku na huku, lakini wote wamepewa miisho ileile.

Na msidhani Warumi wenyewe walikuwa hawaijui tofauti, walikuwa wanaijua vizuri mno. Ushahidi uko kwenye sentensi za "ili". Mrumi akisema veni ut te videam, kitenzi cha pili kiko kwenye umbo la wakati uliopo, maana yake nimekuja ili nikuone, niko hapa nakuangalia. Akisema veni ut te viderem, cha pili kimerudi nyuma, maana yake nilikuja ili nikuone, ile safari imeshapita. Veni ni ileile ila mkia wa sentensi unafichua ni veni ipi. Mi hii naipenda kuliko kitu chochote kwenye sarufi ya Kilatini.

#5 Mzee wa Misale

Msomi umemaliza. Hilo la ut te videam na ut te viderem kila mwanafunzi aliandike kwenye jalada la daftari.

Na niongeze alama nyingine za kukusaidia kuamua. Ukiona heri, yani jana, au olim, yani zamani, au mwaka umetajwa, nenda na -li-. Ukiona iam nenda na -mesha-, iam venit, ameshafika. Ukiona nondum, yani bado, hapo Kiswahili kinakupa zawadi kabisa, kina -ja-. Kwenye harusi ya Kana Yesu anamwambia mama yake nondum venit hora mea, na Biblia yetu inasema saa yangu haijawadia. Lakini non venit peke yake kwenye hadithi ya zamani ni hakuja. Na vikiwa vimepangwa mfululizo ndani ya simulizi basi cha kwanza -li- na vinavyofuata -ka-. Fungueni Mwanzo sura ya kwanza kwa Kilatini, creavit, dixitque, et facta est lux, et vidit, zote perfectum, alafu fungueni ya Kiswahili, aliziumba, akasema, ikawa, akaiona. Walioitafsiri ile kwa Kiswahili walikuwa na masikio.

#6 Binti Sheria

Shikamoo mzee, shikamooni wote. Mimi niko mwaka wa pili sheria Nairobi, Latin tunakutana nayo kwa maxims, yani misemo ya kisheria, tu hakuna anayetufundisha sarufi, kwahiyo nimesoma huu uzi nikafurahi sana. Swali langu, venit. Umesema vēni ni ya irabu kuvutika, lakini nikiangalia kitabu venit ya sasa na venit ya perfectum zimeandikwa sawa, nitajuaje?? Na legit pia. Ni kama mtu ameniandikia "anakuja" na "alikuja" kwa herufi zile zile alafu anategemea nielewe.

#7 Mzee wa Misale

Marahaba binti, karibu sana. Swali zuri na jibu lake ni la kusoma taratibu. Kwenye kutamka zinatofautiana, vēnit ya perfectum e yake ni ndefu na venit ya sasa e yake ni fupi, Mrumi alikuwa anasikia. Kwenye maandishi vitabu vya kujifunzia vinaweka kistari juu ya irabu, lakini Biblia, vitabu vya ibada na maandishi mengi ya zamani havikuwekei, inabidi muktadha uongee.

Nakupa mfano ambao hautausahau. Yohana 4:23, Yesu na yule mwanamke Msamaria kisimani, sed venit hora, et nunc est. Biblia ya Kiswahili, saa inakuja, nayo sasa ipo. Alafu Yohana 17:1, Yesu anasali usiku ule wa mwisho, Pater, venit hora. Biblia ya Kiswahili, Baba, saa imekwisha kufika. Maandishi ni yaleyale, venit hora na venit hora, kitabu kilekile, msemaji yuleyule. Kule kisimani ni praesens, huku ni perfectum. Umejuaje? Kule kinafuata quando na vitenzi vya wakati ujao, waabuduo halisi watamwabudu Baba, kwahiyo bado inakuja. Huku sala nzima ni ya mtu ambaye saa yake imeshagonga, clarifica Filium tuum, mtukuze Mwanao, sasa hivi.

Na kuna vitenzi hata urefu wa irabu haukusaidii, ascendit, descendit, defendit, vertit, hivi sasa na perfectum ni kitu kimoja kwenye nafsi ya tatu umoja (na nafsi ya kwanza wingi pia). Lakini usiogope, nafsi nyingine zinafichua. Ascendis ni unapanda, ascendisti ni ulipanda. Ascendunt ni wanapanda, ascenderunt ni walipanda. Kwahiyo ukikwama kwenye -it tafuta kitenzi jirani chenye nafsi nyingine au kisicho na utata, kitakuvuta.

#8 NjeoNaShina

Ngoja nipinge kidogo hapa. Hii ya kusema -me- ndo perfectum itawaponza watu. -me- ya Kiswahili mara nyingi siyo tendo lililoisha, ni hali iliyopo. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa. Mtoto amelala maana yake yuko usingizini saa hizi. Ukimwambia mwanafunzi -me- ni perfectum ataandika puer dormivit, na puer dormivit siyo amelala, ni alilala, au amelala akamaliza, ameshaamka huyo. Amelala ni puer dormit, praesens kabisa.

#9 Mzee wa Misale

Mkuu NjeoNaShina hilo nakubaliana nalo kwa asilimia zote na nashukuru umelileta mapema. Nilichosema mwanzo ni kutoka Kilatini kwenda Kiswahili, ukiikuta perfectum chagua kati ya -li-, -me-, -ka-. Kurudi upande wa pili, kutoka -me- kwenda Kilatini, ni barabara nyingine na ina mashimo yake ndo hayo uliyotaja.

Ushahidi uko kwenye Nasadiki ya Jumapili. Angalia mfululizo, akasulubiwa, akateswa, akafa, akazikwa, akafufuka, akapaa mbinguni, alafu ghafla, amekaa kuume kwa Baba. Kilatini pale ni resurrexit, ascendit, hizo perfectum, kisha sedet, praesens. Sisi tumetoka -ka- tukaingia -me- kwenye neno lilelile ambalo Kilatini kimetoka perfectum kikaingia praesens. Yani mabadiliko yanatokea sehemu ileile kwa sababu ileile, kukaa kwake bado kunaendelea, ila kila lugha imetumia kifaa chake. Na hapo hapo mmejua ascendit ya Nasadiki ni ipi, iko katikati ya wenzake walioisha.

Ila mkuu, kuna vitenzi vya Kilatini ambavyo viko kama vyetu kabisa. Novi ni perfectum ya nosco, kupata kujua, na maana yake ni najua. Ukishapata kujua unajua. Memini, nakumbuka, odi, nachukia, hizi zina umbo la perfectum tu na maana ya sasa. Mwingereza anashangaa sana hapa, anapewa orodha ya vitenzi vya ajabu akariri. Msemaji wa Kiswahili hana cha kushangaa, anasema nimechoka akiwa amechoka, nimeshiba akiwa ameshiba. Umbo linasema tendo limefika, maana inasema hali ipo.

Na kinyume chake kipo pia, perfectum inayosema jambo limekwisha kiasi kwamba halipo tena. Mshairi Vergilius kwenye Aeneis kitabu cha pili, Troya inaungua, kuhani Panthus anasema fuimus Troes, fuit Ilium. Tulikuwa Watroya, Iliamu (jina jingine la Troya) ilikuwepo. Maana yake hatupo tena na mji haupo. Hapo usithubutu kuweka -me-, unaua mstari.

#10 Binti Sheria

Asante mzee hiyo ya venit hora nimeichora kabisa kwenye daftari. Sasa naomba kauli ya kutendwa. Mahakamani wanasema sana functus officio, jaji akishatoa hukumu hawezi kuirudia. Nilidhani ni kutendwa lakini maana yake wanasema ni "aliyemaliza kazi yake". Imekuwaje sasa hapo?

#11 Mzee wa Misale

Sasa ndo tumefika kwenye lile locutus est nililosema msiliguse.

Tuanze na kutendwa ya kawaida. Perfectum ya kutendwa haina miisho yake, inajengwa kwa maneno mawili, participium (umbo la kitenzi linalotumika kama kivumishi) kutoka sehemu ya nne ya kitenzi, amatus, pamoja na sum, es, est. Amatus sum, amatus es, amatus est, amati sumus, amati estis, amati sunt. Mtego mkubwa uko kwenye sum. Mwanafunzi anaona est anadhani ni wakati wa sasa, anaandika Christus natus est, Kristo anazaliwa. Hapana! Kristo amezaliwa. Est hapo peke yake ni sasa, lakini natus ameshabeba ukamilifu, ukiviweka pamoja unapata amezaliwa, au alizaliwa kama ni simulizi.

Participium inakubaliana na kiima, kwa jinsia na idadi. Verbum caro factum est, factum kwa sababu verbum haiko upande wa kiume wala wa kike. Maria assumpta est, kwa sababu ni mama. Hapa tena msemaji wa Kiswahili asiogope, kutwa nzima tunasema mtoto ameletwa, kiti kimeletwa, viti vimeletwa, mizigo imeletwa, kukubalianisha tumekulia ndani yake.

Na tazameni porta clausa est. Mlango umefungwa. Hiyo inaweza kuwa mtu ameufunga sasa hivi, au unaukuta tu umefungwa. Kiswahili kina utata uleule kabisa! Kaisari anavyoanza kitabu chake cha vita vya Gallia, Gallia est omnis divisa in partes tres, hasimulii siku ilipogawanywa, anasema ndivyo ilivyo, imegawanyika sehemu tatu. Na neno la mwisho la Yesu msalabani kwenye Yohana, consummatum est, Biblia yetu imelimaliza kwa neno moja, imekwisha.

Sasa binti, functus. Kuna vitenzi vya Kilatini vimevaa sura ya kutendwa lakini maana yake ni ya kutenda, vinaitwa deponentia. Loquor, nasema, siyo nasemwa. Patior, nateseka. Morior, nakufa. Proficiscor, naondoka. Fungor, natimiza kazi. Perfectum yao inafuata njia ileile ya maneno mawili, locutus sum, passus sum, mortuus sum, profectus sum, functus sum, na zote maana yake ni ya kutenda. Kwahiyo functus ni aliyetimiza, officio ni kazi yake, jaji ameshatimiza, mkono wake umetoka kwenye ile shauri. Sicut locutus est ya Magnificat ni kama alivyosema. Passus et sepultus est ya Nasadiki, passus ni ya deponens, akateswa kwa maana ya aliteseka, sepultus ni kutendwa halisi, akazikwa. Zimekaa bega kwa bega, est moja inazitumikia zote mbili, na hamna kitu kwenye sura kinachokwambia ipi ni ipi. Ni kamusi tu, unajua patior ni deponens na sepelio siyo.

Kuna na ule msemo wa Kanisa, Roma locuta est, causa finita est. Roma imesema, shauri limemalizwa. Locuta ni kutenda, finita ni kutendwa. Ukiweza kuueleza huo msemo kwa mtu mwingine bila kusita basi umeelewa somo.

#12 Mama Vitabu

Jamani nimewasoma kimya kimya tangu juzi, nafundisha binti yangu nyumbani na nilikuwa nimekwama hapo kwenye sum ya kutendwa, Mungu akubariki mzee. Kidogo tu, kwenye kitabu chake kuna amasti na amarunt na pia amavere, hazipo kwenye lile jedwali lako la miisho sita. Ni makosa ya uchapaji?

#13 Msomi wa Pwani

Siyo makosa dada. Amasti ni amavisti iliyofupishwa, amarunt ni amaverunt, ile v katikati ya irabu mbili ilikuwa laini ikadondoka na irabu zikaungana. Nosti ni novisti, audisti ni audivisti. Redii ya redeo nayo utaikuta zaidi kuliko redivi. Amavere ni umbo jingine la amaverunt, nafsi ya tatu wingi, washairi wanalipenda sana na wanahistoria kama Sallustius na Livius pia. Hatari yake ni kwamba linafanana na infinitivus, kama amare, kupenda. Angalia shina, kama ni la perfectum, amav-, scrips-, dix-, basi -ere hiyo ni "wao wali-".

Na angalieni pia amaverunt, amaverant, amaverint. Herufi moja tu inabadilika. -erunt walipenda, -erant walikuwa wamependa, -erint watakuwa wamependa (au ile ya subjunctivus, umbo la tendo linalotakiwa au kudhaniwa). Shina ni lilelile la perfectum, kwahiyo ukishalishika umepata nyakati tatu kwa bei ya moja.

#14 kijana_wa_kigango

Mzee tupe zoezi basi

#15 Mzee wa Misale

Haya. Msitumie apu ya kutafsiri, kamusi ruksa.

Heri epistulam longam scripsi.
Iam epistulam scripsi. Ubi est nuntius?
Puella nondum rediit.
Milites ad flumen venerunt, hostes viderunt, fugerunt.
Mater tua mecum locuta est.
Cenabam cum venisti.
Portae clausae sunt.

#16 kijana_wa_kigango

Jana niliandika barua ndefu.
Nimeshaandika barua, tarishi yuko wapi?
Msichana hajarudi.
Askari walifika mtoni, wakawaona maadui, wakakimbia.
Mama yako alizungumziwa na mimi.
Nilikuwa nakula chakula cha jioni wakati ulikuwa unakuja.
Milango imefungwa.

#17 Mzee wa Misale

Vizuri sana, scripsi mbili umezitenganisha bila kuambiwa, na venerunt, viderunt, fugerunt umeziweka -li-, -ka-, -ka- sawasawa. Mbili za kurekebisha.

Locuta est ni deponens, mama yako ndo anaongea, mama yako ameongea nami, au aliongea nami kama ni habari ya zamani. Mecum ni pamoja nami, haina "na mimi" ya mtendaji. Mtendaji wa kutendwa ungemwona kwa a me.

Cenabam cum venisti, cenabam ni imperfectum, nilikuwa nakula, hapo uko sawa kabisa. Lakini venisti ni perfectum, haiwezi kuwa ulikuwa unakuja, hiyo ingekuwa veniebas. Kula kulikuwa kunaendelea, kuja kwako kukatokea mara moja na kukaisha, kwahiyo nilikuwa nakula ulipokuja. Na hapa Kilatini na Kiswahili vinaenda pamoja kabisa, -bam kwa -likuwa na-, perfectum kwa -li-. Andika tena hiyo namba sita, alafu igeuze, nilikula ulipokuwa unakuja, tuone utaiandikaje kwa Kilatini.

#18 kijana_wa_kigango

Cenavi cum veniebas.

#19 Mzee wa Misale

Safi, vitenzi vyote viwili ndivyo. Tukienda kwenye subjunctivus nitakuonyesha hiyo cum inavyopenda venires kwenye simulizi, lakini njeo (nyakati) zenyewe umezishika. Binti Sheria na Mama Vitabu wekeni majibu yenu pia hapa chini.